Kinga na Kinga

Neno kinga lina maana tatu, na wapenzi wa ushairi wa pwani wamezizoea zote. Kinga ni kizuizi: ngao, ukuta, au dawa imzuiayo mtu asiugue. Kinga ni kijiti chenye ncha iwakayo, kitolewacho jikoni mwa jirani kwenda kuwashia moto mwingine, na ndicho walichokikusudia wahenga waliponena kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na kukinga ni kutega chombo chini ya mchirizi wa paa mvua inyeshapo, ili yaliyotoka juu yasiende bure. Ngao, kijinga na mtungi: vitu vitatu vilivyo mbalimbali, navyo hukaa katika neno moja bila kugombana.

Serikali inaponunua ndege za kivita kutoka ng'ambo, hulitumia neno hili kwa maana ya kwanza peke yake. Raia huambiwa kwamba anga lazima lilindwe, kwamba majirani hawaaminiki siku zote, na kwamba mambo ya ulinzi hayajadiliwi sokoni. Yote matatu yaweza kuwa kweli. Lakini swali la maadili hubaki palepale: ni haki gani anayo mlipaji wa ngao juu ya ngao anayoilipia? Na je, kinachoitwa ngao hakiwezi kuwa kijinga, au kuuvunja mtungi?

Swali hili hupimika vizuri mbali na ikulu na mbali na viwanda vya silaha, katika nchi ya Wasukuma na jirani zao, kutoka Shinyanga na Kahama hadi Geita. Chini ya ardhi hiyo mna almasi na dhahabu. Juu yake mvua ni haba. Na anga lake limewahi kupitiwa na adui wa kweli.

Karibu kabisa na mji wa Mwanza, ndani ya Ziwa Victoria, kiko kisiwa kidogo cha majabali kiitwacho Saanane. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa, na hata zama za Vita vya Kagera kilikuwa makazi ya wanyama. Mwaka 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilikuja kuyapiga maghala ya mafuta ya Mwanza. Iliikosa shabaha yake. Makombora yakaangukia Saanane, yakaua swala. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, ng'ambo ya ghuba tu. Watu wa kanda ile waliokoka siku hiyo kwa sababu rubani hakulenga vyema, wala si kwa sababu walikuwa na ngao iliyotosha.

Liko na lililo chungu zaidi. Mwanzoni mwa vita hivyo, ndege za kivita za Tanzania zenyewe ziliangushwa karibu na Musoma na walinzi wa anga wa Tanzania, waliozidhania kuwa ni za adui. Marubani walikufa mikononi mwa ndugu zao. Basi anayesema kwamba nchi maskini haihitaji ndege wala mitambo ya kuonea mbali, na awajibu kwanza marubani wale. Kusema kwamba maskini hahitaji mlango kwa kuwa hana cha kuibiwa ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kulala katika nyumba isiyo na mlango.

Haki ya kujikinga, kwa hiyo, haina ubishi. Ubishi huanza pale ngao inapopewa bei.

Ndege ya kivita si kitu kama vitu vingine vinunuliwavyo na dola. Lori la jeshi huweza kubeba mahindi mwaka wa njaa, na daraja la jeshi huvusha harusi na mazishi. Ndege ya kivita haina kazi ya pili. Bei yake haimaliziki siku ya kununuliwa, kwani rubani hufundishwa kwa miaka, injini huhesabiwa saa zake, na vipuri hutoka kwa yule yule aliyeuza. Na siku yake njema kuliko zote ni siku ambayo haikurusha kombora. Thamani yake imo ndani ya fikra za mtu wa pili, yaani jirani aliyeiona akaliacha alilokuwa akilikusudia. Ni mali ya ajabu: hununuliwa kwa jasho la walio ndani ili iutie baridi moyo wa aliye nje.

Mali ya namna hiyo ni vigumu kuikagua. Shule ikijengwa vibaya, paa huvuja na kila mtoto huona. Ngao ambayo kazi yake ni kutotumika haivuji mbele ya macho ya mtu. Amani ikidumu, muuzaji husema ndege ndizo zilizoileta. Vita vikizuka, husema zilikuwa chache. Hoja isiyoweza kushindwa kwa jambo lolote litokealo yapasa kuogopwa hata inapokuwa ya kweli.

Jirani wa kaskazini ametoa mfano ulio wazi. Mwaka 2011 Uganda ilianza kupokea ndege sita za Kirusi aina ya Sukhoi Su-30MK2, za injini mbili na marubani wawili, miongoni mwa ndege kali kuliko zote zilizowahi kumilikiwa na nchi ya Afrika Mashariki. Pamoja na zana nyingine, gharama ilikuwa kiasi cha dola milioni 740. Wengi waliuhusisha ununuzi huo na mafuta yaliyogunduliwa mwaka 2006 katika ukanda wa Ziwa Albert: penye hazina, walisema, hapakosi mlinzi. Hoja hiyo si ya kubezwa. Lakini fedha zilikwisha kutolewa katika Benki Kuu kabla ya Bunge kuombwa ridhaa, na Machi 2011 wabunge wakatakiwa kuidhinisha jambo lililokwisha kufanyika. Mwenye nyumba aliulizwa kuhusu mlango baada ya seremala kulipwa.

Hapa pana haja ya kutenganisha siri mbili ambazo watawala hupenda kuzifunga katika kanga moja. Siri ya vita ni halali. Adui hapaswi kujua ndege zimelala wapi, zitaruka saa ngapi, wala zina kasoro gani. Siri ya bei ni jambo jingine. Muuzaji anaijua bei, dalali anaijua, benki iliyokopesha inaijua, na majasusi wa mataifa makubwa hawakosi kuijua. Anayefichwa ni mmoja tu, naye ndiye mlipaji. Siri isiyomzuia adui, ikamzuia mwananchi, haiwezi kuitwa siri ya ulinzi.

Watu wa visiwani hawana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Kimbunga cha 1872 kilipoziangamiza meli za Unguja, Seyyid Barghash aliagiza Uingereza meli mpya ya kivita. Iliundwa Scotland, ikateremshwa majini mwaka 1878, ikaitwa Glasgow kwa kufuata meli ya Kiingereza iliyompendeza. Ilikuwa fahari ya bandari. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikutimia hata saa moja, ilizamishwa papo hapo mbele ya Forodhani na meli za kivita za Waingereza, na milingoti yake ikabaki ikichungulia juu ya maji kwa miaka kadhaa. Walioiunda na walioizamisha walitoka katika dola moja. Muuza upanga aujua urefu wake, na anunuaye silaha kwa mwenye nguvu kuliko yeye hununua pia ruhusa ya kuitumia, ruhusa ambayo yaweza kufutwa asubuhi moja.

Tanzania nayo ina kisa chake, nacho hakikuwa cha ndege bali cha jicho la kuzionea. Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali ya Uingereza iliruhusu kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania mtambo wa rada ya kijeshi kwa pauni milioni 28. Aliyekumbuka ndege zilizoangushwa Musoma angeweza kuupokea kwa mikono miwili. Lakini Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, aliupinga ndani ya serikali yake mwenyewe. Na wataalamu wa usafiri wa anga waliona kwamba ni ghali mno na haufai vyema kwa kuongoza ndege za kiraia, kazi ambayo ulidaiwa kuiweza. Fedha zilikopwa benki. Baadaye ilidhihirika kwamba dola milioni 12.4, karibu theluthi ya bei, zilikuwa zimepita mikononi mwa dalali. Desemba 2010 mahakama ya Uingereza iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 kwa kosa la kutotunza hesabu zake ipasavyo, na pauni milioni 29.5 zikarejeshwa kwa watu wa Tanzania. Fedha hizo zilikusudiwa kununulia vitabu na madawati ya shule za msingi.

Msomaji na alitafakari jambo hilo polepole. Ngao iligeuka dawati. Watoto waliokuja kukalia fedha zile ndio ambao tangu awali wangeketi sakafuni ili rada ilipwe, na hapana aliyewauliza wazazi wao mara ya kwanza, wala mara ya pili.

Vita vya Kagera, kinyume chake, vilikuwa vita vya watu. Gharama yake ilikuwa kubwa mno, na uchumi wa Tanzania uliteseka kwa miaka mingi baadaye. Lakini wananchi walijua wanalipia nini. Walitoa ng'ombe, magari na vijana wao, na vita vile vikaingia katika ushairi. Henry Muhanika alivitungia utenzi mzima uliochapwa mwaka 1981. Ni vigumu kufikiria utenzi wa rada. Malenga huimba lile ambalo umma umelibeba begani, na mkataba uliotiwa saini chumbani hauachi wimbo.

Na turudi Geita, kwenye hazina yenyewe. Ikiwa anga hulindwa kwa ajili ya kilicho chini yake, basi yafaa kuuliza kilicho chini kilitoka vipi. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, Kahama, ukafuata 2001. Chini ya sheria ya madini ya 1998, mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya 2010 ikaupandisha hadi asilimia 4, na marekebisho ya 2017 yakaufikisha asilimia 6. Hakuna adui aliyevuka mpaka usiku kuja kuichukua dhahabu hiyo. Iliondoka mchana, ikiwa na mihuri na vibali, na ndege zilizoibeba zilikuwa na ruhusa ya kuruka. Rada bora kuliko zote duniani ingeziona ikaziamkia.

Haya hayasemwi ili kumtukana mgeni. Aliyechimba alileta mtaji na ujuzi, akalipa alichotakiwa kulipa kwa mujibu wa karatasi iliyosainiwa na pande mbili. Linalosemwa ni kwamba mlango ulioachwa wazi haukuwa wa angani. Mwaka 2017 serikali iliyazuia makontena 277 ya makinikia ya dhahabu bandarini Dar es Salaam, ikatunga sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili yake. Na baada ya mazungumzo marefu, mwaka 2019 ikaafikiana na Barrick kuunda kampuni ya Twiga, ambamo dola ina hisa asilimia 16. Watu waweza kubishana iwapo yaliyopatikana yalitosha. Haiwezekani kubishana kwamba silaha zilizotumika zilikuwa sheria, hesabu na wanasheria. Kwa ulinzi wa hazina ile, mkaguzi mmoja aliyesoma vizuri alikuwa na thamani kuliko rubani.

Shinyanga ina mfano mwingine, ulio wa maana ya tatu ya neno kinga. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri uliyafunga maji ya Nile na chanzo chake, hata watu walioishi kando ya Ziwa Victoria wakawa kama wageni wa ziwa lao. Tanganyika ilitangaza mwaka 1962 kwamba haikujifunga na mkataba huo. Lakini tamko halimnyweshi mtu. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kulivuta ziwa kwa bomba kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga, kwa fedha zake yenyewe, ilhali Misri, yenye jeshi la anga kubwa kuliko yote ya bonde zima, haikupendezwa. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009. Hakuna ndege iliyoruka kuulinda. Uliolinda bomba lile ni uhalali wake: kila aliyekinga ndoo chini ya bomba la Shinyanga alijua mkataba huo wa zamani ulimhusu nini. Mkakati, neno lipendwalo sana na wanunuzi wa ndege, hapa ulikuwa ni maji.

Mtu aweza kusema: haya ni mambo ya wakati wa amani, na ndege ni za wakati wa vita. Ni kweli. Lakini wakazi wa ukanda ule wamejua vita vingine pia. Baada ya Kagera, bunduki zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukakithiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maeneo ya Kahama na Nzega yakaunda sungusungu: mwano ulipopigwa, kila mwanamume alitoka na upinde na mishale yake. Silaha ilikuwa duni, na wezi walikoma. Nguvu yake ilikuwa katika jambo moja, kwamba mlinzi na mlindwa walikuwa jirani waliojuana kwa majina, na gharama ya kila mshale ilijulikana na aliyeuchonga.

Hata hivyo ingekuwa udanganyifu kumaliza kisa hapo. Upinde ule ule uligeuziwa ndani. Vikongwe wa Usukuma, ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, walishukiwa uchawi, wakafukuzwa na kuuawa, na sungusungu wa baadhi ya vijiji walikuwa na mkono katika mateso hayo. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, ambao waganga waliwauza kama dawa ya bahati, na miongoni mwa wanunuzi walitajwa watafutaji wa dhahabu. Watoto wakapelekwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, wakaishi nyuma ya ukuta mbali na mama zao, kwa kuwa kijijini hapakuwa na wa kuwakinga. Kujuana, basi, hakutoshi. Kijiji kizima chaweza kuafikiana na bado kikamdhulumu aliye mnyonge wake. Bunge nalo laweza.

Kwa hiyo mizani ya silaha haiwezi kuwa wingi wa walioikubali peke yake. Itafutwe kwa yule ambaye silaha itamfikia mwisho. Nchi inapotaka kununua ndege ya kivita, na ichukuliwe hati ya bei, isomwe kwa sauti katika bweni la Buhangija, mbele ya mtoto ambaye adui yake hakuja kwa Tupolev. Aelezwe kwamba Saanane ilipigwa kweli, na kwamba yaweza kupigwa tena. Aelezwe ndege itagharimu kiasi gani mwaka wa kwanza na mwaka wa ishirini, ni nani aliyeiuza, ni nani aliyepata chake katikati, na ni kitu gani hakitajengwa. Mtoto huyo si mjinga wa mambo ya ulinzi. Amelala nyuma ya ukuta, naye anajua thamani ya ukuta kuliko jenerali yeyote. Huenda akasema: nunueni. Marubani wa Musoma nao walikuwa watoto wa watu.

Lakini kama hati haiwezi kusomwa mbele yake, kwa kuwa msomaji ataona haya katikati ya ukurasa, hapo ndege haijawa ngao bado. Ni kinga ya pili, ile yenye ncha iwakayo, nayo inabebwa kupitishwa katika nyumba za makuti.